Mwinda Kelele na Uzio wa Mkurugenzi

Saa nane mchana, jua limekaa utosini na mawe ya kilimani yanachoma kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mwanamume mwenye mvi anateremka kwenye pikapu ya dizeli, anausukuma mlango kwa goti kwa sababu kitasa kilishakufa, kisha anavuta kutoka nyuma ya kiti kitu kinachofanana na mifupa ya samaki aliyeliwa akaisha. Ni antena. Waya wake unaingia kwenye kisanduku kinachoning'inia kifuani kwake kwa mkanda wa begi la shule.

Anaielekeza kushoto. Kisanduku kinakoroma polepole, kama mtu aliyelala bila madeni. Anaielekeza kulia. Kinaendelea kukoroma. Anaielekeza mbele, kwenye nyumba ya bati jekundu yenye waridi mlangoni na nyaya nne zinazong'aa kuizunguka.

Ta. Ta. Ta. Ta.

"Bado," anasema, bila kumwambia mtu.

Mlinzi wa nyumba hiyo anachungulia kutoka kwenye kibanda chake, kofia ikiwa imerudi nyuma.

"Mzee, umekuja tena?"

"Nimekuja tena. Na wao wamewasha tena."

"Mimi swichi sina, mzee wangu. Mimi nina rungu tu."

"Na rungu halipigi kelele. Wewe ni jirani mwema."

Mlinzi anacheka, kisha anageuka kuhakikisha hakuna aliyemwona akicheka. "Juzi mkubwa kaniuliza, yule mzee huwa anatafuta nini kwangu? Nikamjibu, anatafuta kufukuzwa."

"Ulimjibu vizuri. Angalau kuna mmoja humo ndani anayesema kweli."

Chini ya mteremko kuna nguzo yenye sanduku la chuma, na ndani ya sanduku kuna simu ya waya. Mzee analifungua kwa ufunguo uliofungwa kwenye mkanda wa suruali yake, ananyanyua mkono wa simu na kusubiri. Upande wa pili, katika chumba cha mitambo, sauti ya mwanamke inauliza: "Mzee wangu, shikamoo. Nipe neno."

"Marahaba, Daktari. Kelele. Nyumba ya mkurugenzi."

Anarudisha mkono wa simu mahali pake kwa utulivu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Kabla dishi kubwa la kilimani halijaanza kusikiliza, lazima mtu huyu aseme neno moja kati ya mawili. Akisema "kimya", mitambo inarekodi kwa amani. Akisema "kelele", anataja inakotoka, na maneno yake yanabandikwa kwenye rekodi ya siku hiyo, yaende nayo popote itakapokwenda, hata kwa wasomi wa ng'ambo wasiojua kilima hiki kiko wapi. Ni utaratibu ulioachwa na mhandisi wa kwanza wa kituo, mtu ambaye hakuamini mashine yoyote mpaka binadamu aipitie kwa miguu.

Kwa wiki kadhaa sasa, neno limekuwa ni hilo hilo. Na kwa sababu ya neno hilo, Jumatatu huenda mzee huyu akapoteza kazi.

Kituoni wanamwita Mwinda Kelele, na waliomzoea wamelikata jina likabaki Mwinda. Ana miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakitaji, maana wakubwa wakikijua watakitumia. Shule aliiacha darasa la nne, "nilipoanza kuielewa," kama anavyosema mwenyewe. Alifika kilimani akiwa kibarua wa kuchimba mitaro ya nyaya, wakati dishi lenyewe lilikuwa bado vipande vipande kwenye malori.

"Mhandisi hakunichagua kwa akili," anasema. "Alinichagua kwa sababu mbwa walishaning'ata mara mbili nyumba ile ile, na siku ya tatu akaniona nabisha hodi pale pale."

Kelele anazoziwinda si za sikio. Dishi halijali jogoo wala ugomvi wa walevi. Linachosikia ni cheche: cheche ya plagi kwenye gari la petroli, ya mashine ya kuchomelea, ya chaja ya bei rahisi, na mlio wa simu ya mkononi inayotafuta mnara. Ndiyo maana pikapu yake ni ya dizeli. Ndiyo maana kilima kizima, pamoja na makazi yaliyo chini yake, hakuna simu ya mkononi hata moja inayoruhusiwa kuwashwa.

Na kinachosikilizwa ni nini, mpaka watu wanyimwe hata chaja?

"Maiti," anasema Daktari, mtafiti anayeongoza kikosi cha vijana katika chumba cha mitambo. Anatabasamu kwa jinsi neno hilo lilivyotua. "Ni nyota iliyokufa. Ilikuwa kubwa kuliko jua letu mara nyingi. Ilipoishiwa, nje ikalipuka na ndani ikajikunja, mpaka uzito unaozidi wa jua zima ukaingia kwenye mpira wenye upana wa mji mmoja. Ukichota kijiko kimoja, kina uzito wa mlima."

Wasomi huziita nyota za nyutroni. Zile zinazozunguka huku zikitupa mwali wa redio huitwa pulsa. Mwinda naye ana namna yake ya kueleza, na ameitumia kwenye vibaraza vingi kuliko Daktari.

"Chukua tochi, ifunge kwenye feni, washa feni, zima taa," anasema. "Ukikaa pembeni, kila tochi ikipita inakupiga machoni. Haya, sasa feni hiyo izunguke zaidi ya mara mia nne kwa sekunde moja. Sekunde moja, siyo dakika. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani wananitania kwa sababu sina shule."

Nyota yenye kasi hiyo ndiyo ambayo kituo kiliigundua miezi michache iliyopita. Kwa maelezo ya Daktari, nyota za aina hii huzaliwa zikiwa na mbio, zikachoka, zikapunguza mwendo kama wazee. Lakini nyingine huwa na mwenza karibu. Mwenza huyo huanza kumwaga vitu vyake juu ya ile nyota mfu, na kila kinachoangukia kinaisukuma kidogo, mpaka inazunguka upya kwa kasi kuliko ya ujana wake.

"Yaani kalishwa na mke akapona," anasema Mwinda. Halafu anafuta vumbi kwenye kioo cha kisanduku, na kuendelea na mengine.

Nyota hizi husikilizwa hata mchana wa jua kali, kwa kuwa mawimbi ya redio hayajali mwanga. Tatizo ni udhaifu wake. Mdundo mmoja hauonekani kabisa kwenye mitambo. Vijana wa Daktari huchukua midundo maelfu kwa maelfu na kuipanga mmoja juu ya mwingine mpaka umbo lijitokeze. Binti wa Mwinda, ambaye ni mshonaji, alielewa hilo haraka kuliko baba yake: ni kama kupanga vitambaa vyenye ua lile lile lililofifia, ua juu ya ua, mpaka rangi ikolee.

Halafu kuna kuhesabu. Midundo inalinganishwa na saa sahihi kupita zote, ili ijulikane kila mzunguko ulifika lini. Nyota mpya inataka kusikilizwa mara kwa mara mwanzoni. Ukiiacha kwa muda mrefu, ukirudi hujui tena imezunguka mara ngapi ulipokuwa haupo.

"Uzi unakatika," anasema Daktari. "Tukiupoteza sasa, tunaanza upya, na kuna vituo vikubwa zaidi yetu vinavyosubiri tushindwe."

Sasa uzio.

Mkurugenzi wa sasa alihamia nyumba ya bati jekundu mwaka jana. Alikuta bustani, akapanda waridi. Mbuzi wa jirani wakaingia, wakala waridi. Mtu mwingine angetafuta mchunga mbuzi wakaongea. Mkurugenzi alileta uzio wa umeme, wa aina ile inayotuma mshtuko kwenye nyaya kila baada ya sekunde na kidogo. Fundi aliyeufunga anasema bei yake ingemlipa Mwinda mshahara wa miaka miwili, na chenji ikabaki.

Kila mshtuko ni cheche. Kila cheche ni ta.

Uzio uliwashwa mara ya kwanza Mwinda akiwa amekwisha kusema kimya siku hiyo, kwa hiyo wa kwanza kuusikia walikuwa vijana wa chumba cha mitambo, na wakausikia vibaya. Waliona mdundo wa mpangilio, kila sekunde na kidogo, safi kama saa ya ukutani, wakaamini wamepata pulsa nyingine, yenye mwendo wa pole. Wakanunua soda. Mmoja wao akaanza kufikiria ipewe jina la mama yake.

Daktari aliingia, akawakuta wamenyanyua chupa. Akauliza swali moja tu: "Mmegeuza dishi?"

Hawakuwa wamegeuza. Mtoto wa darasa la kwanza katika kazi hii hufundishwa hivyo: ukisikia kitu, geuza dishi pembeni, kwenye anga tupu. Nyota itapotea, kwa sababu umeacha kuitazama. Waligeuza. Mdundo ukabaki pale pale, ta, ta, ta.

"Nyota gani hii," Daktari akauliza, "inayotufuata popote tunapogeukia, kama kupe?"

Akawaonyesha na alama ya pili. Mawimbi ya nyota yamesafiri mbali, na njiani yale mafupi hutangulia, yale marefu huchechemea nyuma kama mtu mwenye mzigo. Haya yote yalikuwa yamefika kwa pamoja. Hayakuwa yamesafiri popote. Yalikuwa yametoka nyuma ya waridi.

Tangu hapo vijana wanauita uzio huo Nyota ya Bosi. Wanalisema kwa sauti ya chini, na wanacheka kwa sauti ya chini zaidi, maana mikataba yao ni ya mwaka kwa mwaka.

Daktari ameomba uzio uzimwe, kwa maandishi na kwa mdomo. Mitambo inaweza kuzifuta cheche, anasema, lakini kila ukifuta unafuta na nyota kidogo. "Ni kutoa mawe kwenye mchele gizani. Mawe yanatoka, na punje nazo zinakwenda. Nyota dhaifu kama hii haina punje za kupoteza."

Alipotafutwa na gazeti hili, mkurugenzi alisema uzio ni kwa usalama wa mali ya taasisi, na kwamba una msamaha maalum. Alipoulizwa ni ofisi gani iliyotoa msamaha huo, alijibu: "Ofisi yangu."

Chini ya kilima, habari za msamaha zilifika kabla ya habari za nyota.

Huko anaishi fundi wa kuchomelea, ambaye kwa sababu ya dishi anafanya kazi saa zile tu ambazo dishi limepumzika. Huko kuna mama mwenye mashine ya kusaga, aliyekubali kubadilisha mota akaingia hasara ambayo hakuna aliyemrudishia. Wote walikubali kwa maneno ya Mwinda. Sasa anapopita wanamsubiri vibarazani.

"Mwinda!" fundi anamwita siku tunayopita naye, koleo mkononi. "Hebu niambie, kelele za tajiri zinanukia manukato? Au antena yako ina adabu, ikifika kwa mkubwa inainamisha kichwa?"

"Haijainamisha. Nimetaja jina lake leo tena."

"Umetaja. Kutaja si kuzima. Mimi ulinizima, hukunitaja!"

"Kweli," Mwinda anasema. "Hapo umenipata."

"Basi sikia. Jumatatu nikipata habari kwamba umesema kimya na uzio unalia, mimi nawasha mashine yangu mchana kutwa, nichomelee hata kama sina cha kuchomelea. Na mama wa kusaga naye anawasha. Mkuki kwa nguruwe, eh?"

Mwinda anatuongoza kurudi kwenye pikapu. "Akiwasha, atakuwa na haki," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Kilima hiki ni kimya kwa sababu watu masikini walikubali kukinyamazisha. Hakuna polisi. Hakuna ukuta. Ni kukubali tu. Mkubwa mmoja akikataa, wote wanakuwa wajinga."

Aliyewafanya wakubali, anasema, hakuwa yeye. Alikuwa mke wake.

"Mwanamume mwenye antena akisimama mlangoni anafukuzwa. Mwanamke akija na salamu anawekewa kigoda. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Akikaa, anauliza habari za watoto, habari za magoti, habari za kuku. Mwishoni ndiyo anasema, dada, hiyo chaja yako, unajua inawapigia kelele marehemu wa mbinguni? Wanacheka. Wanachomoa."

Mkewe alianguka alasiri ya siku ya mapumziko, akiwa anaanua nguo. Upande mmoja wa mwili ulikataa kumsikia. Alikuwa bado anaongea, kwa nusu ya mdomo, na alichokisema ni kwamba nguo zisiachwe zikaanguka chini.

Simu ya mkononi haikuwepo, kwa sababu kanuni ilikuwa kanuni, na nyumba ya Mwinda ilikuwa ya kwanza kuifuata. Simu ya waya ilikuwepo, kwenye nguzo, ndani ya sanduku la chuma. Lakini siku za mapumziko ufunguo wa sanduku ulitakiwa kurudishwa ofisini, na ufunguo wa pikapu pia. Ofisi ilikuwa imefungwa. Ofisa utawala alikuwa ameenda harusini mjini, na funguo zote zikicheza muziki mfukoni mwake.

Mwinda alilipiga kufuli la sanduku kwa jiwe. Jiwe likapasuka.

"Lilikuwa kufuli la ubora," anasema. "Katika vitu vyote walivyowahi kununua, hicho ndicho pekee cha ubora."

Majirani walimbeba mgonjwa kwa kitanda mpaka barabara ya lami, wakipokezana. Lori la mchanga likasimama. Mkewe hakufika hospitali.

Ukimuuliza kwa nini haichukii kanuni ya ukimya, anakutazama kama aliyekusikia ukitukana. "Kanuni haikumuua. Kanuni ilisema simu ya mkononi isiwashwe. Haikusema simu ya waya ifungwe. Kanuni ilitokana na nyota. Kufuli lilitokana na watu, na watu hao wana majina na wana vyeo, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa."

Baada ya mazishi aliomba simu ya waya iwekwe kwenye makazi, ukutani, bila sanduku wala kufuli, mtu yeyote ainyanyue. Waya tayari upo. Ni kuuongeza tu mpaka kwenye nyumba za chini. Alimwomba mkurugenzi aliyepita. Amemwomba na huyu. Wote walimwambia bajeti haijaruhusu.

"Walinipa pole," anasema. "Wote wawili. Pole nzuri kabisa. Lakini pole haina waya."

Ufunguo wa sanduku ulio kwenye mkanda wake, amekataa kuurudisha tangu msiba ule. Ameandikiwa onyo mara mbili. Karatasi ya onyo la kwanza alimpa binti yake aikate iwe kipimo cha kola.

Wiki iliyopita mkurugenzi alimwita ofisini. Daktari alikuwepo, na maneno yaliyosemwa wameyaeleza wote wawili kwa namna moja.

Mkurugenzi alikuwa amekasirika, na sababu yake si uzio. Sababu ni kwamba rekodi za nyota mpya zilikuwa zimefika ng'ambo, na wasomi wa huko wameandika kuuliza, kwa heshima zote, kwa nini kila rekodi ina maneno "kelele, nyumba ya mkurugenzi", na je, mkurugenzi ana tatizo gani nyumbani.

"Unanidhalilisha," mkurugenzi alisema.

"Mimi natamka tu, mkubwa," Mwinda akajibu. "Anayelia ni uzio."

"Kazi yako ni kusema kimya."

"Kazi yangu ni kusikiliza kwanza."

Hapo mkurugenzi akageukia upole, na Mwinda anasema upole wa wakubwa ndio wa kuogopa. Akamwambia amebakiza muda mfupi kustaafu. Akamwambia neno moja halijawahi kumchubua mtu ulimi. Jumatatu, akasema, kuna wageni watakaokuja kusikiliza nyota mpya. Siku hiyo Mwinda aseme kimya. Kama hayuko tayari, saa mbili asubuhi aiweke antena juu ya meza hii hii, na aende zake.

"Na uzio?" Daktari akauliza.

"Uzio haukujadiliwa," mkurugenzi akajibu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mkurugenzi huyu ndiye aliyekarabati paa la chumba cha mitambo lililokuwa likivuja, na Mwinda mwenyewe ndiye anayetukumbusha hilo. "Siyo mtu mbaya wa kuzaliwa," anasema. "Ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa zima na mtu wa chini yake."

Nyumbani kwa Mwinda kuna vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani ya kukanyaga kwa mguu, isiyo na umeme wala cheche, na vitambaa vya wateja vimeegemea ukuta. Binti yake, aliyerudi kuishi naye baada ya msiba, anashona huku akizungumza, na mguu wake unakwenda kasi kadiri anavyokasirika.

"Baba, ni neno moja. Hata mtoto anayejifunza kuongea analisema."

"Ndiyo. Na mtoto akilisema anakuwa amenyamaza kweli."

"Ukifukuzwa, nyumba hii ni ya kituo. Tutalala wapi? Kwenye dishi?"

"Lina nafasi."

"Mimi sitanii, baba."

"Wala mimi." Anavuta kigoda, anakaa karibu na cherehani ili asipaze sauti. "Mama yako alizunguka nyumba hizi zote. Aliwaambia ni sheria ya kila mtu. Aliwaambia hata mkubwa wa kituo hana simu mfukoni, na ilikuwa kweli wakati ule. Sasa mimi nikisema kimya na ile mashine inalia, nimemfanya mama yako kuwa mwongo. Na hayupo, hawezi kujitetea."

Mguu wa binti unasimama. Nje mbuzi analia, pengine ni mmoja wa wale wale walioonja waridi.

"Ungekuwa umeniambia hivyo tangu mwanzo," anasema, "badala ya kunitajia nyota zako."

"Nyota pia ni kweli."

"Ni kweli, ila hazilipi kodi." Anakata uzi kwa meno. "Haya, lete shati utakalovaa. Siyo lile la bluu. Kola yake imeisha, watadhani umekwenda kuomba."

Mwinda analeta shati jeupe. Anamtazama akiligeuza, akikagua vifungo, akikaza kimoja kilicholegea. Tunamuuliza anatarajia nini. Anasema anataka vitu viwili, na havina ukubwa: uzio uzimwe na ubaki umezimwa, na simu ya waya iwekwe ukutani kule chini, bila kufuli. Akifukuzwa kabla ya hapo, amekwisha kuzungumza na mama wa mashine ya kusaga, ambaye ana chumba cha nyuma. Atakaa huko na ataendelea kupita kila nyumba, na hapo hatakuwa na mkubwa wa kumwita ofisini.

Na Jumatatu?

Ofisi ya mkurugenzi, anaeleza, ina dirisha linalotazamana na nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya korongo dogo. Hakuna ukuta katikati, hakuna mti. Wageni watakuwa wamekaa pale wakisubiri kupelekwa kwenye chumba cha mitambo. Yeye atabisha hodi saa mbili kamili.

"Ameniambia niiweke antena mezani, na mimi ni mtu mtiifu, nitaiweka," anasema. "Nitaiweka ikiwa imeelekea dirishani, na kisanduku pembeni yake, sauti mpaka mwisho. Aliniambia niilete. Hakuniambia niizime."

Anavaa shati, anajikagua kwenye kioo kidogo kilichopachikwa juu ya cherehani, anafunga kifungo cha juu kabisa.

"Kunifukuza anaweza. Cheo chake kinamruhusu. Ila itabidi aseme hayo maneno yake mbele ya wageni, moja moja, huku inalia."